Kompyuta mpakato inasumbua: tafuta ugonjwa kabla ya kununua nyingine

Mashine ya miaka sita inaweza kuwa nzima kabisa isipokuwa diski yake, na ya miaka miwili inaweza kuwa imekwisha. Ndiyo maana umri peke yake haumsaidii mtu kuamua. Kinachosaidia ni dalili: inakawia wapi, inazima lini, inapiga kelele ukifanya nini. Dalili ikisomwa vizuri hutoa majibu mawili kwa mpigo. Inakuonyesha kama tatizo limo kwenye kifaa kinachobadilishika au kisichobadilishika, na ikibidi kununua, inakuonyesha utafute nini. Asiyejua mashine ya kwanza ilimshinda kwa nini huenda akanunua ugonjwa uleule ndani ya kasha jipya.

Kabla hujagusa chochote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski dhaifu wakati mwingine hukata roho katikati ya kupimwa.

MASHINE NI NZITO

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalowafanya watu wengi wanunue bila sababu. Usikisie. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Nenda kwenye ukurasa wa utendaji na utazame namba tatu wakati mashine inakawia, si baada ya kutulia: prosesa, RAM (inayoshika kazi zilizofunguliwa kwa muda) na diski (inayohifadhi mafaili).

Diski iko asilimia 100 na wewe hufanyi kitu cha maana. Angalia aina yake, imeandikwa hapohapo. Ikiwa ni HDD, mshtakiwa umempata. Ndani yake kuna sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5400 kwa dakika, na mzunguko mmoja tu huchukua takribani milisekunde 11. Mfumo endeshi wa leo unaomba maelfu ya mafaili madogo wakati wa kuwaka, na kila ombi linasubiri sahani ifike mahali pake. SSD, yaani diski ya chipu, haina kinachozunguka. Hata ile ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski ambayo si ya kasi sana, husoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde, wakati HDD ya mpakato hucheza kwenye mia moja hivi, na kwenye mafaili madogo tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. Hakuna tengenezo lingine linalofufua mashine kuukuu kama hili. Ila chunguza kwanza mashine yako inapokea umbo gani: ya inchi 2.5, au kipande chembamba cha M.2. Na M.2 zenyewe ni mbili, SATA na NVMe iliyo ya kasi zaidi; zinafanana kwa macho lakini si kila tundu linapokea zote.

Diski iko juu lakini ni SSD, au ni HDD inayogongagonga. Pima afya yake. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe. Ukiona tahadhari, hasa kwenye sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa, acha majaribio. Kazi iliyobaki ni kuokoa mafaili, kisha kubadilisha diski.

RAM iko asilimia 90 na kivinjari kimefunguliwa. Hapa pana mtego. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhifadhi sehemu ya kazi kwenye diski, kwa hiyo diski nayo hupanda na kuonekana ndiyo yenye kosa. Tazama RAM kabla ya kuhukumu diski. Mashine ya GB 4 leo inaelemewa na vichupo vichache na simu moja ya video. Swali linalofuata ni kama inaongezeka. Task Manager huonyesha umbo la RAM: ikisema SODIMM, ni kipande kinachochomoleka, ikisema ni safu ya chipu, imechomelewa kwenye madabodi (bodi kuu ya ndani) na haiongezeki. Mashine iliyochomelewa GB 4 haina tiba, iwe imenunuliwa lini.

Prosesa iko asilimia 100. Panga orodha ya programu kwa matumizi. Mara nyingi utakuta masasisho yanaendelea au kinga ya virusi inapekua diski, na jibu ni kusubiri. Ukikuta programu usiyoijua inayokula prosesa hata ukiwa umeondoka mezani, hiyo ni ya kuchunguzwa kama virusi. Kuna na hali ya kuchekesha kidogo: prosesa imekwama kwenye kasi chini ya GHz 1 na haipandi kabisa. Chanzo huwa joto, au chaja isiyotambuliwa. Baadhi ya mashine hujipunguza makusudi zikiona chaja isiyo yao au yenye wati pungufu. Badilisha chaja kwanza kabla ya kumlaumu prosesa.

Namba zote tatu ziko chini na bado unaona uzito. Je, ni kurasa za intaneti peke yake? Fungua ukurasa uleule kwa simu kwenye mtandao uleule. Ukikawia na huko, mashine yako haina hatia. Vinginevyo angalia nafasi iliyobaki kwenye diski, ondoa programu zinazojiwasha zenyewe, na ikishindikana, weka mfumo endeshi upya.

INAPATA MOTO, INAPIGA KELELE, INAZIMA GHAFLA

Kuzima ghafla kuna sura kadhaa, na ukizichanganya utabadilisha vifaa vizima.

Ikizima baada ya dakika kadhaa za kazi nzito, na ikakataa kuwaka mpaka ipoe, ni joto. Prosesa nyingi za mpakato huvumilia hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikaribia hapo hupunguza kasi, na joto lisiposhuka mashine hujizima kujiokoa. Vumbi limeziba mapezi ya kupozea, au dawa inayopakwa kati ya prosesa na bamba la shaba imekauka. Vyote viwili ni kazi ndogo kwa fundi. Ukisafisha mwenyewe kwa hewa ya kopo, zuia feni isizunguke, kwani inayozungushwa na upepo mkali inaweza kuharibika. Na kabla ya yote hayo, iondoe mashine juu ya godoro. Matundu ya hewa ya mashine nyingi yako chini.

Ikizima papo hapo unapochomoa chaja, ni betri. Ikizima ukiinyanyua au kuikunja kidogo, kuna muunganisho uliolegea ndani, mara nyingi tundu la chaja. Ikileta skrini ya buluu bila mpangilio, leo hivi kesho vile, shuku RAM: iache MemTest86 ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja lisipuuzwe.

CHAJI HAIKAI

Fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike powercfg /batteryreport. Windows itakuandikia ripoti kwenye faili. Tafuta namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake sasa ikijaa. Tuseme iliundwa na mWh (miliwati-saa) 50,000 na sasa inafika 21,000. Hiyo ni asilimia 42, na haina ubishi, betri imekwisha. Betri nyingi za lithiamu hushuka hadi takribani asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji. Zipo zinazodumu zaidi. Apple, kwa mfano, huhesabu mizunguko 1000 kwa MacBook za miaka mingi sasa.

Ikiwa imechomekwa lakini imegoma kuvuka asilimia 80, usikimbilie dukani. Mashine nyingi zina mpangilio wa makusudi unaozuia betri isijae ili idumu, na huenda mtu aliuwasha akausahau.

Kuna dalili moja isiyo na mjadala. Tachipadi imeinuka au imekuwa ngumu kubofya, mfuniko haufungi sawasawa, au mashine inayumba juu ya meza iliyonyooka. Betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiichaji tena, usiitoboe wala kuibonyeza irudi ndani, na usiitupe kwenye taka za nyumbani kwa sababu inaweza kuwaka moto. Mpelekee fundi anayejua. Mashine yenyewe yaweza kuwa nzima kabisa. Ni betri tu.

HAIWAKI

Hakuna taa yoyote: chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha chomeka chaja peke yake ujaribu. Jambo hili huonekana kama ushirikina lakini lina sababu: huondoa umeme uliobaki na kuwafungua wadhibiti wa umeme waliokwama. Ikishindikana, jaribu chaja nyingine ya aina ileile.

Taa zinawaka na feni inalia, skrini nyeusi: mulika skrini kwa tochi ukiwa gizani. Ukiona picha hafifu, mwanga wa nyuma wa skrini ndio umekufa. Usipoona kitu, unganisha skrini ya nje. Picha ikitokea huko, tatizo liko kwenye skrini au waya wake bapa. Isipotokea, toa RAM uirudishe vizuri kabla ya kuihukumu madabodi.

Inawaka ila tarehe inarudi nyuma miaka kila siku: betri ndogo ya madabodi imeisha, mara nyingi ni CR2032, kitu kidogo mno kwa usumbufu inaoleta.

Ilimwagikiwa na maji au chai, ikakauka, ikafanya kazi, na sasa inaleta vituko vinavyobadilika kila wiki: kutu inaendelea kula madabodi. Unaweza kuitengeneza leo, nayo ikafia pengine kesho. Hii ndiyo ninayoishauri istaafu bila kusita.

BAWABA, SKRINI, KIBODI

Skrini ikimetameta unaposogeza mfuniko, ni waya unaopita kwenye bawaba. Bawaba ngumu hupasua kasha, na kasha lililopasuka huvuta waya, hivyo usingoje. Kibodi hutegemea: kwenye mashine nyingine ni skrubu chache, kwenye nyingine imepigiliwa kwenye kasha lote la juu na gharama yake hukaribia ya skrini.

INAFANYA KAZI, LAKINI HAIPATI MASASISHO

Huu ni ugonjwa usio na maumivu, ndiyo maana hupuuzwa. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (kinga inayokagua mfumo wakati wa kuwaka), na prosesa iliyo kwenye orodha yake. Kwa ujumla, kwa mpakato, ni kuanzia kizazi cha nane cha Intel au mfululizo wa Ryzen 3000 wa AMD. Ukiambiwa mashine haifai kwa sababu ya TPM peke yake, ingia kwanza kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoamsha mashine kabla ya Windows. Mashine nyingi zinayo ila imezimwa. Kwenye Intel hutajwa kama PTT na kwenye AMD fTPM.

Ikikwama kwenye prosesa, bado kuna Linux, mfumo endeshi wa bure. Linux Mint kwenye mashine yenye SSD na GB 8 hufanya kazi za ofisi na intaneti vizuri, mradi usitegemee programu inayotaka Windows tu. Chromebook, mpakato za mfumo wa Google, zina tarehe ya mwisho ya masasisho inayojulikana tangu mwanzo, na tarehe hiyo huhesabiwa tangu muundo ulipotoka, haijali wewe umenunua lini. Chromebook ya bei ya kutupwa dukani mara nyingi imebakiza muda mfupi.

KUAMUA

SSD, RAM inayochomoleka, betri, vumbi na dawa ya kupozea: tengeneza. Madabodi, maji, RAM ndogo iliyochomelewa: achana nayo. Katikati kuna ukungu, na hapo mimi hujumlisha matengenezo yote yanayohitajika ndani ya mwaka, si la leo peke yake. Jumla ikivuka nusu ya bei ya mashine nyingine iliyotumika yenye nguvu kama hiyo, fedha hiyo ielekezwe kwenye kununua.

KUNUNUA BILA KURUDI ULIKOTOKA

Anza na orodha ya yaliyokusumbua. Kilichokushinda kilikuwa RAM? Basi uliza kwanza kama RAM ya hiyo mpya inaongezeka. Ikiwa imechomelewa, chukua GB 16 siku ya kwanza, kwa sababu hakutakuwa na siku ya pili. GB 8 ichukuliwe tu pale ambapo kuna tundu la kuongeza.

Usinunue kwa stika ya prosesa. Core i7-7500U ya 2016 ina viini viwili, yaani sehemu mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Core i5-8250U iliyokuja mwaka uliofuata ina vinne na huiacha nyuma kwenye kazi nyingi, ingawa "i7" inavutia zaidi kwenye tangazo. Soma namba nzima. AMD nao walitega mtego wao kwenye mfululizo wa 7000: Ryzen 5 7520U imejengwa kwa usanifu wa zamani wa Zen 2, wakati 7640U ni Zen 4 iliyo mpya zaidi, na zote zinauzwa chini ya jina la Ryzen 5. Tazama tarakimu ya tatu, ndiyo inayotaja Zen. Herufi ya mwisho nayo ina maana: U ni ya kubana umeme, H ni ya nguvu na joto zaidi. Aliyechoshwa na feni asinunue H kwa ajili ya kuandika barua.

Hifadhi ya eMMC ya GB 64 iachwe hata kama kasha linang'aa. Ni ya polepole, haibadilishiki, na masasisho ya Windows huijaza. Chini ya GB 256 za SSD nisingeshuka.

Skrini ndiyo utakayoitazama kila siku, lakini ndiyo inayokaguliwa mwisho. 1366 kwa 768 ni finyu. Tafuta 1920 kwa 1080 au zaidi. Paneli ya TN hubadilika rangi ukiitazama kwa pembeni, ya IPS haifanyi hivyo. Mwangaza wa niti 250 unatosha chumbani, karibu na dirisha utataka 300 na kuendelea. Ukiona maelezo yanasema asilimia 45 ya NTSC (kipimo cha wingi wa rangi), rangi zitakuwa zimepauka. Mtu wa picha asiinunue.

Tundu la USB-C halisemi kwa umbo lake linafanya nini. Moja huchaji na kutoa picha, jingine hupitisha mafaili tu. Soma maelezo, au jaribu na chaja mkononi.

Ukinunua iliyotumika, ongeza ukaguzi ambao muuzaji mkweli hataukataa. Endesha ripoti ya betri. Ingia BIOS uone kama inadai nenosiri. Rudisha mashine kwenye hali ya kiwandani mbele yake, iunganishe na intaneti, upite hatua zote za kuanza. Ikikuomba barua pepe ya kampuni au taasisi usiyoijua, bado imesajiliwa kwa mwenyewe na inaweza kufungwa kutoka mbali. Kwenye Mac, kufuli ya uamilishaji (Activation Lock) hufanya kazi hiyohiyo: bila akaunti ya mmiliki wa kwanza una bamba la alumini tu.

DALILI ZA SIKU ZA MWANZO

Mashine mpya ina joto na feni inalia siku ya kwanza: inapakua masasisho na kupanga mafaili yake kimyakimya. Iache imewashwa kwa siku moja kabla ya kuilaumu. Ulinunua GB 256 na unaona 238: hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Inakataa kuweka programu nje ya duka la Microsoft: iko kwenye S mode, ambayo hutolewa bure lakini hairudishwi. Inakawia ingawa ni mpya: ondoa kinga ya virusi ya majaribio iliyokuja nayo, Windows ina ya kwake.

Jaza skrini kwa rangi moja moja, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, utafute nukta zilizokufa. Bonyeza kila kitufe na jaribu kila tundu. Fanya haya wakati muda wa kurudisha bidhaa haujapita.

Ile ya zamani usiifute mara moja. Iweke kando wiki kadhaa, kwa maana kuna faili fulani kwenye folda usiyoikumbuka. Toa leseni za programu zinazohesabu mashine, na hifadhi funguo ya BitLocker (kufuli ya Windows inayofumba diski isisomeke) mahali pengine kabla ya kuchomoa diski. Siku ya kuiuza au kuigawa, kufuta mafaili kwa kawaida hakutoshi, yanarudishika. HDD iandikwe upya yote. SSD ifumbwe yote kwanza, kwa BitLocker kwa mfano, kisha irudishwe kwenye hali ya kiwandani, au itumiwe amri ya kujifuta ya kiwanda chake, kwa sababu kuandika juu yake hakufikii kila sehemu ya chipu zake. Na ikiwa betri yake imevimba, itolewe na fundi kabla mashine haijabadilisha mikono.